Usingizi, ubongo na swali la muuza maandazi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Tanga. Kila Jumatano asubuhi, kabla wagonjwa wa presha na sukari hawajaanza kuingia kwa daktari, huwa natoa elimu ya afya wakiwa kwenye mabenchi. Hivi karibuni nilisoma kwenye simu kwamba utafiti wa Uingereza umegundua anayelala saa 6 au pungufu ana hatari ya kupoteza kumbukumbu kwa asilimia 30 zaidi, na kwamba ubongo hujisafisha uchafu wake tukiwa tumelala. Nikaona ni elimu nzuri, nikawafundisha. Nilipomaliza, mama mmoja anayeuza maandazi, ambaye huamka saa 9 usiku kila siku kukanda unga, akaniuliza mbele ya wote: "Kwa hiyo nesi, mimi ndiyo nishakuwa chizi?" Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Sikuwa na jibu. Sasa mganga mfawidhi ameniagiza niandike bango la ukutani kuhusu usingizi na afya ya ubongo. Je, niliyoyasema ni kweli? Na niandike nini?

JIBU: Marahaba dada. Nianze na huyo mama, maana swali lake lina uzito kuliko bango. Jibu lake ni hapana. Hakuna utafiti unaoweza kumchukua mwanamke mmoja aliyeketi kwenye benchi na kusema huyu atapoteza kumbukumbu kwa kuwa anaamka saa 9 usiku. Jumatano ijayo mwite pembeni umwambie hivyo kabla ya neno jingine lolote. Ya utafiti yatafuata, kwa sababu habari uliyosoma haikuwa ya uongo. Ilikufikia nusu, nawe ukaipeleka mbele kama ulivyoipokea.

Utafiti wenyewe naufahamu. Mwaka 1985 watafiti wa London walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wenye umri wa miaka 35 hadi 55. Mradi ule unaitwa Whitehall II, kwa jina la mtaa wenye ofisi nyingi za serikali ya Uingereza. Kila baada ya miaka kadhaa watu hao walipimwa afya zao, na miongoni mwa mengi waliulizwa swali jepesi: kwa kawaida, siku za kazi, unalala saa ngapi kwa usiku? Mwaka 2021 Séverine Sabia na wenzake wakachapisha katika jarida la Nature Communications hesabu za watu 7,959 kati yao. Katika muda wa miaka 25, watu 521 waligundulika kuwa na demensia, ule ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea, hasa uzeeni. Wale ambao walipoulizwa wakiwa na miaka 50, kisha 60, kisha 70, walikuwa wakilala saa 6 au pungufu, waliupata ugonjwa huo kwa asilimia 30 zaidi ya wale waliokuwa wakilala saa 7. Namba yako imetoka hapo.

Sasa igeuze hiyo namba iwe watu. Wagonjwa 521 katika watu 7,959 ni kama 6 au 7 katika kila 100. Asilimia 30 ya 6 au 7 ni 2. Kwa hiyo, kwa hesabu ya harakaharaka, kati ya watumishi 100 wanaolala vya kutosha wangeugua 6 au 7, na kati ya 100 wasiolala vya kutosha wangeugua 8 au 9. Wengine wote, zaidi ya 90 katika kila 100, hawakugundulika na ugonjwa huo katika miaka yote hiyo, waliolala na wasiolala. Nina wasiwasi mkubwa kwamba kwenye mabenchi yako walisikia kitu tofauti kabisa: kwamba kati ya wasiolala 100, watu 30 watapoteza akili. Ndivyo sikio la mtu yeyote linavyopokea "asilimia 30 zaidi" kama halijaambiwa ni zaidi ya ngapi. Wasomi nao huteleza hapohapo. Ukitaka kanuni moja ya kuipitisha kwenye kila habari ya utafiti unayotaka kuwafundisha wagonjwa, ni hiyo: usitaje ongezeko kabla hujataja idadi ya mwanzo, na idadi hiyo itaje kwa watu, katika kila 100.

Utafiti huu nauheshimu. Umewafuatilia watu wengi kwa miaka mingi, na karibu watu 3,900 kati yao walivaa pia kifaa cha mkononi kinachopima mjongeo wa mwili usiku, majibu yakaelekea upande uleule. Hata hivyo, umeonyesha kwamba mambo mawili hutembea pamoja. Haujaonyesha kwamba moja ndilo linalolizaa jingine. Asiyelala huwa na sababu ya kutolala. Yuko mwenye maumivu, mwenye sonona, mwenye presha, na yuko mwenye maisha magumu. Watafiti walijitahidi kuyatenganisha hayo kwa hesabu, lakini hesabu haiwezi kuondoa kila kitu. Tena demensia haianzi siku bibi anaposahau jina la mjukuu. Mabadiliko ndani ya ubongo hutangulia kwa miaka 15, hata 20, na huenda ndiyo yanayouvuruga usingizi. Kuwaanza watu wakiwa na miaka 50 kumepunguza shaka hiyo, hakujaimaliza. Na usisahau hao ni akina nani: wafanyakazi wa ofisini wa London, wengi wao wanaume. Anayekanda unga saa 9 usiku akiwa Tanga hakuhesabiwa mle.

Hili la ubongo kujisafisha nalo lina historia yake. Mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ilichapisha katika jarida la Science kwamba panya wakilala, nafasi iliyo kati ya seli za ubongo hutanuka kwa takribani asilimia 60, na majimaji yanayozunguka ubongo hupita kwa wingi yakibeba taka. Moja ya taka hizo ni amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa wenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina moja ya demensia. Habari ile ilipendwa dunia nzima, nami siwalaumu walioipenda, kwa sababu hatimaye ilionekana kueleza kwa nini tunalala. Lakini mwaka 2024 timu ya Nick Franks wa Imperial College London ilipima kwa njia nyingine, kwa panya vilevile, ikapata kinyume chake: panya waliolala, au waliopewa dawa ya nusu kaputi, ubongo wao uliondoa taka polepole kuliko walipokuwa macho. Mjadala haujaisha. Kwa binadamu, utafiti unaonukuliwa sana ni wa mwaka 2018 kutoka Marekani. Watu 20 walipigwa picha za ubongo baada ya kukesha usiku mmoja, na amiloidi ikaonekana imepanda kwa asilimia 5 hivi. Ni watu 20 kwa usiku mmoja, na upimaji huo haukuwa wa kujua nani atakuja kuugua. Ukitaka kuligusa jambo hili kwenye benchi, sema kwamba wanasayansi wanachunguza kama ubongo hutumia usingizi kujisafisha na bado hawajakubaliana. Wagonjwa hawatakudharau kwa kusema hivyo. Watakachokosa kukuamini nacho ni kile utakachotangaza leo kwa uhakika kisha ukanushe mwakani.

Kuna matokeo mengine ambayo yamepatikana hapa kwetu na ambayo ni nadra kuyasikia yakisimuliwa. Mwaka 2015 Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walipima usingizi wa watu wazima 94 wanaoishi bila umeme: Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Kwa kipimo cha kifaa cha mkononi, wastani wa kulala katika makundi hayo ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Miaka miwili baadaye kundi jingine la watafiti liliwapima Wahadzabe 33 kwa siku 20, likakuta kwamba katika usiku wote huo, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Daima alikuwepo aliye macho, anayejigeuza, anayechochea moto. Na Watsimane waliofika miaka 60 na kuendelea, walipochunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2022, demensia ilikutwa kwa kama mtu 1 katika kila 100.

Usichukue hayo ukawaambia watu kwamba saa 5 zinatosha. Kifaa cha mkononi huhesabu usingizi wenyewe na kuacha muda wa kugaagaa, ilhali mtu akiulizwa kwa mdomo huhesabu tangu alipopanda kitandani. Tena Wahadzabe na Watsimane hutembea mchana kutwa, hula tofauti, na huishi maisha tofauti na ya wagonjwa wako. Ninachokichukua mimi pale ni kimoja: saa 7 si mpaka wenye shimo upande wa pili. Ni lengo zuri. Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi vya Marekani vilipitia tafiti nyingi vikashauri mtu mzima alale saa 7 au zaidi kwa kawaida, na ushauri huo nami natoa. Anayelala saa 6 na nusu na kuamka mwepesi, mchana hasinzii, simsumbui.

Yale yenye uhakika zaidi ndiyo hayazungumzwi sana, labda kwa kuwa hayatishi. Tunajua kwamba usingizi hukaza kumbukumbu za mchana: mwanafunzi aliyesoma akalala hukumbuka vizuri kuliko aliyesoma akakesha. Tunajua uchovu hulegeza umakini kabla mwenyewe hajatambua. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho kama aliyelewa kwa kiwango cha asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Mpigie hesabu yule mama wa maandazi. Akiamka saa 9 usiku bila kulala tena, saa 17 zinatimia saa 2 usiku, wakati akiwa jikoni na sufuria la moto na watoto pembeni. Kuungua ni hatari ya leo usiku. Kwa wagonjwa wa sukari kuna jambo linalowahusu moja kwa moja: mwaka 1999 Karine Spiegel, Eve Van Cauter na mwenzao huko Chicago waliwalaza vijana 11 wenye afya njema saa 4 tu kwa siku 6 mfululizo. Uwezo wa miili yao kuishughulikia sukari ulikuwa chini waziwazi kuliko walipoachwa baadaye walale vya kutosha. Vijana 11 ni wachache, lakini hao walipimwa damu yao wenyewe, walipokosa usingizi na walipoupata, wala hakuna aliyekisia.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nikuandikie kwa urefu hivi. Elimu ya usingizi si kama elimu ya chumvi. Ukimtisha mtu kuhusu chumvi, huenda akapunguza chumvi. Ukimtisha kuhusu kukosa usingizi, unamwongezea kukosa usingizi. Nimewaona wagonjwa wengi ambao tatizo lao lilianza na sababu ndogo, msiba au mtoto mchanga au kelele za jirani, likaja kulelewa na hofu. Mtu anapanda kitandani tayari akipiga hesabu: saa 6 hii, nikilala sasa nitapata saa 5, saa 7 imefika, zimebaki 4. Moyo unaenda mbio, hapati hata lepe. Ndiyo maana tangu mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinashauri kwamba tiba ya kwanza ya mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu iwe ya mazungumzo na kubadili mazoea, kabla ya vidonge. Katika tiba hiyo mgonjwa hufundishwa kuamka saa ileile kila siku, kutoka kitandani akiona usingizi hauji, kutobaki kitandani akijilazimisha, na kuzipunguza nguvu zile fikra kwamba usiku mmoja mbaya umemharibu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo alikuwa kwenye benchi lako Jumatano ile.

Hofu ina sura nyingine tena, inayoniuma zaidi. Demensia ipo kwetu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulichunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, na baada ya kusawazisha umri ukakadiria kuwa asilimia 6.4 wanao ugonjwa huu. Lakini katika familia nyingi hauitwi ugonjwa. Huitwa uzee, uchizi, kurogwa. Na sote tunajua yaliyowafika bibi zetu katika baadhi ya mikoa kwa kuitwa wachawi, wakiwa wamepotea tu njia au wanasema peke yao usiku. Watu walipocheka lile swali, walikuwa wanacheka na woga huo. Kwa hiyo kila unapoutaja ugonjwa huu, utaje kama ugonjwa wa ubongo, na useme palepale kwamba mwenye nao anastahili kuletwa kliniki kama mwenye kiharusi.

Na hapo ndipo unapoweza kuwapa wagonjwa wako habari njema yenye mizizi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia demensia ambayo yanaweza kurekebishwa, likakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangezuilika au wangechelewa kuugua. Yamo presha, kisukari, lehemu (mafuta mabaya kwenye damu), sigara, pombe kupita kiasi, unene, kukaa bila kujishughulisha, sonona, upweke, masikio yasiyosikia, macho yasiyoona, majeraha ya kichwa, hewa chafu na kukosa elimu utotoni. Usingizi haumo kwenye orodha hiyo. Presha na kisukari vimo, na ndivyo vilivyowaleta hao watu kwenye mabenchi. Anayemeza dawa yake ya presha kila asubuhi analinda ubongo wake kwa njia yenye ushahidi mzito kuliko anayejilazimisha kulala saa 8. Wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Wanajua presha hupiga moyo na figo. Kwamba hupiga na kumbukumbu, ni wachache wanaojua.

Baada ya hapo kuna yale unayoweza kuyafanya wewe mwenyewe, bila maabara. Muulize kila mgonjwa anaamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa. Akisema mara 3 au 4, huenda sukari iko juu, au anameza dawa yake ya kukojoza jioni wakati angeweza kuimeza asubuhi. Asijibadilishie mwenyewe, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, nimeona usingizi wa mtu ukirudi kwa kuhamisha kidonge kimoja tu. Muulize kama anakoroma, tena muulize anayelala naye, ndiye shahidi. Mwenye kukoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika, kisha akashtuka kama anayetoka kwenye maji, na presha yake haishuki ijapokuwa ana dawa tatu, huyo anahitaji rufaa. Mashine ya kumsukumia hewa usiku ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, ikatangazwa mwaka 1981. Kwetu bado ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini kupunguza uzito, kuacha pombe ya jioni na kulala ubavu husaidia wengi wakati wakisubiri. Halafu waulize wazee wananunua nini duka la dawa ili walale. Utasikia diazepamu, utasikia vidonge vya mafua na mzio vile vya zamani vinavyolewesha. Kwa mzee, dawa hizo huleta kuanguka, kuchanganyikiwa na kusahau, na familia ikadhani demensia imeingia. Kwangu mimi, kumwachisha mzee vidonge hivyo polepole, chini ya uangalizi wa daktari, ni kazi kubwa kuliko mihadhara kumi ya usingizi.

Mama wa maandazi basi, ukishamwita pembeni, mwambie kwa maneno ya namna hii: "Mama, lile nililosema siku ile lilihusu watu wa ofisini wa Ulaya, na hata kwao wengi wasiolala sana hawakuugua. Wewe si chizi wala haijaandikwa kwamba utakuwa. Nataka nikuulize, mchana unajisikiaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Huenda analala saa 2 usiku na anapata saa 7 zake vizuri, ukawa hata huna cha kumshauri. Ikiwa analala saa 5 usiku kwa kuwa ndiye anayefunga kila kazi ya nyumba, maneno yako hayo ni ya nyumbani kwake zaidi kuliko ya hospitali: nani anaweza kuosha vyombo, nani anaweza kuandaa watoto. Wako wauzaji wanaokanda jioni kwa hamira kidogo, unga ukaumuka polepole usiku, na wao wakajipatia karibu saa nzima ya kulala. Na maandazi yakishauzwa asubuhi, alale mchana bila kuona haya. Majaribio ya maabara ya kugawa usingizi yameonyesha kwamba umakini wa mtu hufuata jumla ya saa alizolala usiku na mchana, si lazima ziwe za mkupuo mmoja. Pwani tumelala baada ya chakula cha mchana tangu zamani, na hatukuwa wavivu. Ila asilale alasiri mpaka magharibi, usingizi wa usiku utakimbia.

Usimpe ahadi kwamba akifanya hivyo hatapata demensia. Mwambie atakuwa na nguvu, hatajiunguza, na sukari yake itakuwa rahisi kushika. Hayo atayaona mwenyewe ndani ya wiki chache, na akiyaona ataamini na neno lako jingine.

Benchi zima nalo linastahili marekebisho, na usiogope kuyafanya hadharani. Waambie umesoma zaidi kuhusu lile la wiki iliyopita na unataka walijue vizuri. Taja watu katika kila 100, kama nilivyokuonyesha. Ukitaka kujua kama wameelewa, usiulize "mmeelewa?", kwa maana wataitikia "ndiyo" kwa adabu. Muombe mmoja akueleze jinsi atakavyomsimulia mumewe au mkewe akifika nyumbani. Hapo utasikia namba yako imegeuka nini, na utairekebisha kabla haijapanda daladala.

Kuhusu bango, nisingeweka asilimia yoyote, wala picha ya mzee aliyetoa macho, wala fuvu la kichwa. Ningeandika hivi:

"Usingizi wa kutosha huusaidia ubongo kukumbuka na kuwa makini, na husaidia sukari kukaa sawa. Watu wazima wengi huhitaji saa 7 au zaidi. Ukilala mchana, nazo zihesabu.

Tuambie ikiwa unakoroma sana na pumzi inakatika, unaamka kukojoa mara nyingi, unasinzia mchana, au umekosa usingizi kwa wiki nyingi. Usinunue dawa ya usingizi kabla ya kutuona.

Dawa yako ya presha na ya sukari hulinda pia ubongo wako. Imeze kila siku.

Mzee anayesahau sana au kupotea njia ni mgonjwa. Mlete kliniki."

Yanatosha. Ukiongeza zaidi hayatasomwa. Andika kwa herufi kubwa, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wako macho yao yamepungua nguvu. Litundike karibu na dirisha la dawa, ambako watu husimama muda mrefu, na uwasomee wasiojua kusoma. Chini kabisa weka namba ya chumba na siku ambayo mtu anaweza kuja kuuliza akiwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa.